Mwani tunaoulima ni upi? Macho na vinasaba lazima vifanye kazi pamoja

Kwenye mizani ya mwani, iwe Paje au Micheweni, utambuzi ni kazi ya muda mfupi. Mnunuzi anatia mkono kwenye kiroba, anashika, anaangalia, kisha anasema huu mwembamba, ule mnene. Mwembamba una bei yake, mnene una bei ya juu zaidi. Mkulima hana haja ya kuambiwa. Mbegu amezikata mwenyewe, amezifunga kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kwenye kamba, amezipandia kwenye vigingi vyake, na mwani wake anaujua hata akiushika gizani.

Kwa biashara ya kiroba ujuzi huo unatosha. Kwa mambo yanayoikabili Zanzibar hivi sasa hautoshi, na kila mwaka unaopita unapungukiwa zaidi. Tumelima mwani kwa zaidi ya miaka 30. Wanawake wengi wa mwambao wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha zake. Lakini ukiuliza mwani ulioko mashambani ni wa uzao gani, ule wa asili uliokuwepo kabla umebaki wapi, na huo unaoota wenyewe kwenye mwamba ni wetu au ni mgeni aliyetoroka shambani, majibu mengi yamepatikana kwenye maabara za nchi nyingine, na yamebaki kwenye majarida ambayo mkulima hatayaona. Kazi ya kuutambua mwani kwa sura na kwa vinasaba, yaani DNA inayorithiwa ndani ya seli, ingefaa kufanyika hapa hapa, kila mwaka, kama tunavyopima mvua.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya mashamba, watu wa visiwa hivi walikuwa wakiokota mwani wa porini ufukweni na kwenye miamba, ukakaushwa na kusafirishwa nje. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti mkubwa juu ya mwani huo na akawa mtetezi wa wazo la kuulima. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani. Mbegu haikuwa ya kwetu. Ilitoka Ufilipino, ambako ukulima huu ulikuwa umekwisha kukomaa.

Zililetwa aina mbili. Mwembamba, ambao wanunuzi huuita spinosumu, jina lake la kisayansi ni Eucheuma denticulatum. Mnene, unaoitwa kotonii, ni Kappaphycus alvarezii. Zote mbili ni za kundi la mwani mwekundu, hata kama shambani utaziona za kijani, za kahawia au za njano, na zote hutoa karaginani, ute unaotumika kugandisha na kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno, aiskrimu na maziwa ya viwandani. Ila ute wenyewe unatofautiana. Wa mwembamba ni wa kundi la iota, hufanya mgando laini unaovutika. Wa mnene ni wa kundi la kappa, hufanya mgando mgumu. Viwanda vinautaka zaidi huo wa pili, na ndiyo sababu ya tofauti ya bei.

Ukitaka kuziona tofauti zao kwa macho, nenda pwani siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa sawasawa, kama saa nne asubuhi. Chukua shina moja moja. Mwembamba una vijiti vya duara vyenye miiba mifupi iliyopangika kwa mizunguko, hasa karibu na ncha, na ukiupitisha kiganjani unakwaruza. Mnene una matawi manono yanayoteleza, yanayogawanyika bila mpango, ncha zake butu, na miiba hauna. Ukikata kipande chembamba sana kinyume cha tawi na kukiweka chini ya hadubini, mara nyingi mwembamba huonyesha kiini cha nyuzi ndogo katikati, zikizungukwa na seli kubwa. Huo ndio utambuzi wa sura ambao wataalamu wameutegemea tangu zamani, na ni utambuzi mzuri.

Tatizo lake ni kwamba mwani hubadilika sura kufuata mahali. Mbegu ile ile, ikifungwa penye mkondo mkali, hutoa matawi mafupi yaliyobanana. Ikifungwa kwenye maji yaliyotulia hurefuka na kulegea. Rangi nayo si ya kuaminiwa. Mnene wa kijani na mnene wa kahawia waweza kuwa spishi moja kabisa, na spishi mbili tofauti zaweza kuvaa rangi moja. Huko Malaysia wakulima walipanda kwa miaka mingi aina waliyoihesabu kuwa ni Kappaphycus alvarezii. Mwaka 2014 ikaelezwa rasmi kuwa ni spishi mpya, ikapewa jina Kappaphycus malesianus, baada ya vinasaba vyake kusomwa na sura yake kuangaliwa tena kwa makini. Mkulima alikuwa akiishika kila siku, na wataalamu walikuwa wakiiangalia.

Kuna mchafuko mwingine wa majina ambao unatugusa moja kwa moja. Mwani uitwao kotonii sokoni si Kappaphycus cottonii ya wanasayansi, ambayo ni spishi nyingine. Kwa mnunuzi hilo halina uzito. Kwa mtu anayeandika taarifa ya serikali, kibali cha kuingiza mbegu au ripoti ya ugonjwa, lina uzito mkubwa, maana nyaraka mbili zaweza kutaja jina moja zikiwa zinazungumzia mimea miwili.

Jambo linalonigusa zaidi kuliko yote liko kwa mwembamba. Eucheuma denticulatum ilikuwepo pwani ya Afrika Mashariki kabla ya mbegu ya Ufilipino kufika. Mgeni na mwenyeji ni spishi moja, miiba ile ile, kiini kile kile. Ukiziweka mbili kwenye sahani moja huwezi kuapa ipi ni ipi. Hapa macho yamefika mwisho wa uwezo wake, na hakuna uzoefu utakaoyasaidia.

Vinasaba ndipo vinapoingia. Ndani ya seli za mwani mna mitokondria, vile vyumba vidogo vya kutengeneza nishati, vyenye vinasaba vyake vyenyewe. Kati ya jeni mbili za huko, cox2 na cox3, kuna kipande kifupi ambacho hakibebi kazi nzito, kwa hiyo mabadiliko madogo hujikusanya humo kizazi hadi kizazi bila kuudhuru mwani. Ukisoma herufi za kipande hicho, yaani mpangilio wa kemikali zinazokiunda, kwenye mwani wa Ufilipino na kwenye mwani wa asili wa Afrika Mashariki, utakuta hazilingani. Alama hiyo ndogo inatosha kukwambia asili ya shina ulilolishika.

Utafiti wa mwaka 2006 ulioongozwa na Giuseppe Zuccarello ulisoma mwani wa aina hizi kutoka nchi nyingi. Ulionyesha kwamba mnene unaolimwa duniani, karibu kila mahali, una vinasaba vya mitokondria vinavyofanana sana, wakati baadhi ya sampuli za Afrika zilisimama mbali na kundi hilo. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi na mashamba ya kwetu walieleza kuwa mashambani umetawala uzao wa Asia ya Kusini Mashariki na tofauti za vinasaba ni chache mno. Mwaka 2015 ukaja utafiti wa mwani wa porini. Nao ukaonyesha kuwa uzao wa Asia haukubaki kwenye kamba. Umeingia kwenye makundi ya asili, mbali na mashamba pia, na katika sehemu nyingi ndio ulio mwingi kuliko ule wa asili.

Hilo la 2015 lilipaswa kujadiliwa kwenye Baraza la Wawakilishi na kwenye kila kamati ya kijiji inayosimamia pwani. Kwa maneno mepesi, mwembamba wa asili wa Afrika Mashariki unapungua mbele ya macho yetu, na hatuuoni ukipungua kwa sababu unaochukua nafasi yake una sura ile ile. Mvuvi akipita juu ya mwamba anaona mwani. Mwaka jana ulikuwepo, mwaka huu upo. Mabadiliko yametokea ndani ya seli.

Mtu ataniuliza, ubaya uko wapi, mwani si mwani? Jibu limo kwenye namna tunavyoulima. Mbegu ya mwani ni kipande cha tawi. Unavuna, unabakisha, unakata, unafunga tena, wiki kadhaa baadaye unavuna. Ni kama mgomba unaohamishwa kwa machipukizi kutoka shamba hadi shamba: wingi wote ule ni mmea mmoja uliogawanywa. Sehemu kubwa ya mwani wa Unguja na Pemba ni mwendelezo wa mashina machache yaliyofika mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukiwa na mmea mmoja uliotandazwa kilomita na kilomita, udhaifu wake mmoja ni udhaifu wa kila mkulima.

Na udhaifu huo tumeuona. Mnene, ule wenye bei, umekufa katika maeneo mengi ya Unguja tangu miaka ya 2000, ukabaki sehemu chache, baadhi yake za Pemba. Maji ya kina kifupi yanapata joto kupita kiasi wakati wa kaskazi, ncha za matawi zinageuka nyeupe, zinalegea na kukatika, huo ndio ugonjwa unaoitwa aisi-aisi. Juu yake unakuja mwani mwingine mdogo wa nyuzi unaong'ang'ania matawi na kuyanyonya nguvu. Wakulima wakarudi kwenye mwembamba, wenye bei ndogo, kwa sababu unastahimili. Wengine wamejaribu kwenda kina kirefu kwa nyavu za mirija na vihori, jambo ambalo kwa mwanamke asiyejua kuogelea ni hatari ya kweli.

Sasa fikiria kwamba kwenye mwamba fulani wa Pemba au kusini ya Unguja limesalia kundi la mwani wa asili ambalo limeishi na joto la bahari hii kwa maelfu ya miaka. Huenda linakua polepole. Huenda ute wake ni mchache. Lakini huenda pia limebeba ustahimilivu ambao mbegu ya Ufilipino haina. Kulijua ni lazima ulipate kwanza, na kulipata ni lazima uweze kulitofautisha na mgeni. Kila mradi wa kuteua mbegu bora, na miradi ya namna hiyo inazungumzwa sana siku hizi, unaanza hapa. Ukiruka hatua hii utakuwa unalinganisha mmea na nafsi yake, kisha unaandika ripoti kuwa umepata aina mbili.

Ningependa msomaji aone kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu neno vinasaba huwatisha watu wakadhani ni jambo la majumba ya vioo. Unakata ncha ya tawi, sentimita mbili zinatosha. Unaikagua chini ya kioo cha kukuzia na kuifuta kila kilichoipanda: nyuzi za mwani mwingine, konokono wadogo, mchanga. Usipofuta, utasoma vinasaba vya mpangaji badala ya mwenye nyumba. Kisha unaiweka kwenye mfuko wenye chembe za silika zinazonyonya maji, ikauke haraka kabla haijaoza. Hapo inaweza kukaa miezi. Sehemu iliyobaki ya shina hilo hilo unaitandaza juu ya karatasi nzito, unainyoosha matawi kwa brashi, unaifunika kitambaa na kuibana ikauke. Pembeni unaandika mahali, tarehe, kina cha maji, rangi ilivyokuwa mbichi, maana rangi itapotea. Namba ya karatasi na namba ya mfuko zinakuwa moja.

Maabarani ncha inasagwa, vinasaba vinatolewa, kipande kinachotakiwa kinazidishwa kwa mashine ya joto na baridi hadi kuwa nakala nyingi mno, kisha herufi zake zinasomwa. Mwani una ukaidi wake hapo. Ute ule ule tunaouuza ndio unaoziba kazi: karaginani hushikamana na vinasaba na kuzuia kemikali zisifanye kazi, kwa hiyo kila maabara inayoshughulika na mwani mwekundu hulazimika kuutoa kwanza. Mafundi wetu wakiachiwa wafanye hivyo mara kwa mara watakuwa mabingwa. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Unguja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Zanzibar ipo. Vijana waliosoma wapo. Kinachokosekana ni fedha za kudumu na uamuzi kwamba hii ni kazi ya kila mwaka, isingoje mradi wa mfadhili uje na uondoke.

Ile karatasi ya mwani mkavu naitaja kwa makusudi. Siku hizi kuna wanaoamini kuwa ukishasoma vinasaba, mambo ya sura ni ya wazee. Siafikiani nao. Mashine inakupa herufi tu. Jina unalipata kwa kuzilinganisha herufi hizo na za sampuli nyingine ambayo mtu alikwisha kuitambua, na kama mtu huyo alikosea, kosa lake unalirithi. Hifadhi za kimataifa za vinasaba zina makosa ya aina hiyo. Kinga yake ni moja, kuwa na shina halisi lililohifadhiwa, ambalo mtaalamu mwingine anaweza kulishika, kulikata na kuliangalia upya.

Na hapo tunakutana na historia yetu. Spishi iitwayo leo Kappaphycus striatus ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1895 na Mjerumani Friedrich Schmitz, kwenye kazi yake juu ya mwani mwekundu wa pwani ya Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya Wajerumani. Alitumia sampuli zilizookotwa upande huu wa bahari. Leo spishi hiyo inalimwa Asia kwa majina ya kibiashara ya huko, wakati sisi, ambao pwani yetu ndiyo iliyotoa maelezo ya kwanza, hatuna ramani ya mahali ilipo sasa. Anayetaka kujua kama mwani wa mashamba ya Asia na ule wa Schmitz kweli ni kitu kimoja hana budi kuja kwenye miamba hii kuchukua mwani mbichi wa kulinganisha. Atakapokuja, ingekuwa vizuri amkute mtu wa hapa ameshaanza.

Mfano mwingine uko kila ufukwe. Ule mwani wa kijani laini unaotanda kwenye mawe kama majani mepesi ya saladi ni Ulva. Kuna mwingine wenye vibomba vyembamba, ambao kwa zaidi ya karne ulipewa jenasi yake, yaani kundi lake la spishi za karibu, Enteromorpha, kwa sababu nani angethubutu kusema jani na bomba ni ndugu wa tumbo moja? Mwaka 2003 vinasaba vilithubutu. Jenasi hizo mbili zikaunganishwa, na ikabainika kwamba spishi moja inaweza kuwa bomba mahali fulani na jani mahali pengine, kutegemea chumvi ya maji na hata bakteria wanaoishi juu yake. Kwa hiyo vinasaba hutenganisha vinavyofanana, na pia huunganisha visivyofanana.

Mpaka hapa nimekaa baharini, lakini jambo hili lina mguu mwingine kwenye maji matamu, na huko Zanzibar tumelala zaidi. Sehemu kubwa ya maji yetu ya kunywa hutoka chini ya ardhi, visima na chemchemi, na mwani hauoti pasipo mwanga. Hilo limetufanya tusijishughulishe. Lakini tunayo mabonde ya mpunga wa umwagiliaji, Cheju na Bumbwisudi kwa mfano, tunayo mabwawa ya samaki yanayoongezeka, na tunayo matangi ya wazi majumbani. Yote hayo yana mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho, ila ukizidi maji hugeuka kijani.

Kwa mwani huo sura ni mwalimu mgumu zaidi. Chlorella, kile kiduara cha kijani kilichopewa jina na Martinus Beijerinck mwaka 1890, kilikusanya zaidi ya spishi 100 chini ya jina lake, kwa kuwa kila kiduara kidogo cha kijani kilitupwa humo. Vinasaba vilipokuja, zikabaki chache zinazostahili jina hilo na nyingine zikatawanyika mbali kabisa katika ukoo wa mwani wa kijani. Scenedesmus naye huishi mmoja mmoja au katika vikundi vya seli 4 au 8, na imethibitishwa kuwa akinusa kemikali za viroboto maji, vidudu vidogo vya majini vinavyomla, hujiunga vikundi ili asimezeke. Anayemtambua kwa umbo la kikundi anaweza kuhesabu spishi mbili kwenye bwawa lenye moja. Ndugu zake wenye miiba walihamishiwa jenasi ya Desmodesmus mwaka 1999, tena kwa ushahidi wa vinasaba.

Hayo yangeweza kuachiwa wasomi. Lisiloweza kuachiwa ni mwani wa bluu-kijani, ambao kiasili ni bakteria wenye kutumia mwanga. Microcystis, anayeonekana pia kwenye Ziwa Victoria, hutoa sumu inayoshambulia ini. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru nchini Brazil zaidi ya wagonjwa 50 waliokuwa wakisafishwa damu walifariki baada ya maji yaliyotumika kuwa na sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Ugumu ni kwamba katika bwawa moja huwamo Microcystis wenye sumu na wasio na sumu, na chini ya hadubini wanafanana. Tofauti iko kwenye kundi la jeni ziitwazo mcy: aliyenazo anaweza kutengeneza sumu, asiyenazo hawezi. Hata majina yao ya zamani, yaliyotolewa kwa kuangalia umbo la kundi, yametiliwa shaka kiasi kwamba mwaka 2001 watafiti wa Japani walipendekeza spishi 5 ziunganishwe kuwa moja. Mtu anayefuga samaki, akiona bwawa limegeuka kijani, anahitaji kujibiwa swali moja tu, nalo haliwezi kujibiwa kwa kutazama.

Mwani wa bluu-kijani unaturudisha kwenye shamba la baharini. Wanawake wanaolima wamelalamika kwa miaka juu ya kuwashwa ngozi na macho. Chumvi na jua vina sehemu yao, lakini kwenye kamba za mwani huota nyuzi nyeusi zinazoteleza, na miongoni mwa mwani wa namna hiyo zimo spishi ambazo sumu yake huunguza ngozi. Kwa muda mrefu zilitiwa zote kwenye jina Lyngbya. Mwaka 2012 baadhi ya zile zenye sumu zilitengwa kwenye jenasi yake, kwa vinasaba, kwa sababu kwa sura zilichanganyika na zisizodhuru. Mwanamke anayewashwa mikono anastahili kuambiwa ni ipi iliyoko shambani kwake. Kwa sasa anaambiwa apake mafuta ya nazi.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya haya yote: mkulima anataka bei, anataka boti, anataka kiwanda, na nyinyi mnamletea hadubini. Bei ni kilio cha haki na nakiunga mkono. Lakini serikali inapozungumzia kusindika mwani hapa nyumbani badala ya kuuza mkavu, kiwanda kitataka malighafi inayojulikana, ute wa aina moja, bila kuchanganya mwembamba na mnene wala spishi ya tatu iliyojipenyeza. Na pale mbegu mpya itakapoagizwa kutoka nje kufidia mnene uliokufa, jambo ambalo ni kishawishi cha kila siku, bila utambuzi wa vinasaba hatutajua kama tumeletewa kilichoandikwa kwenye karatasi, wala kama kimekuja peke yake. Kisiwa kilichokwisha kupoteza sehemu ya mwani wake wa asili bila kujua kina sababu ya kuwa mkali kwenye bandari zake.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye sehemu zisizolimwa. Miamba ya nje inayopigwa na mawimbi, upande wa mashariki ya Unguja na visiwa vidogo vinavyoizunguka Pemba, ikusanywe sampuli kabla haijafikiwa na kamba. Wakusanyaji wa kwanza wawe wanawake wanaolima, nao walipwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa hakuna mtafiti atakayeona shina geni haraka kuliko mtu aliyeshika mwani tangu ujana wake. Kila shina litoe karatasi moja na mfuko mmoja. Karatasi zikae Unguja, na nakala Pemba. Vinasaba visomwe hapa kadiri uwezo unavyoruhusu, na vikipelekwa nje viende kwa mkataba unaotaja mwenye sampuli. Matokeo yarudishwe kwenye kijiji yalikotoka, kwa Kiswahili, yakitaja mwamba kwa jina wanalolitumia wenyewe. Mashina yatakayothibitika kuwa ya asili yapandwe kitaluni, kando ya mbegu ya Ufilipino, kwenye maji yale yale ya kaskazi, yapimwe uzito kila bamvua.